Usipime Kabla ya Chai: Likizo Zangu za Kutundika TV

Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, magoti bado ni mazima, na sherehe ya kuniaga ilikuwa soda moja na mandazi ya jana. Mama amesema mtu anayeingia kidato cha nne hawezi kushinda juu ya ngazi akitoboa kuta za watu. Mama akisema jambo, hata Nera hunyamaza, na Nera ndiye mwajiri wangu. Nera kwa Dholuo ni mjomba, kaka yake mama. Ana duka la kutengeneza redio, simu na TV hapa Rongo, nyuma ya soko, na tangu kidato cha kwanza sijawahi kupumzika likizo hata moja. Wenzangu walikuwa wanalala hadi jua liwachome. Mimi nilikuwa natundika TV.

Nawaandikia nyinyi mnaoshika ngazi baada yangu, hasa wewe Brayo, binamu yangu, uliyeuliza juzi kwa nini tunabeba tepu ya kupimia na macho tunayo. Sitawaambia nililipwa nini kwa sababu mtaacha kazi kabla hamjaanza. Wala sitataja vyeo, maana pale dukani viko viwili tu: Nera, na sisi wengine. Nitawaambia TV ikae juu kiasi gani na mtu akae mbali kiasi gani. Mnaona ni kitu kidogo. Mimi pia niliona hivyo, mpaka tulipofika Sindo kwa nyanya mmoja aliyekuwa karibu kutundikiwa TV kubwa ambayo asingeweza kuitazama. Huko nitafika. Lakini mstaafu huanza na siku ya kwanza, na mimi nafuata taratibu.

Siku yangu ya kwanza sikushika hata skrubu. Tulienda kwa shemasi mmoja hapa hapa Rongo, nikiwa nimevaa ovaroli ya Nera niliyoikunja mikono mara nne. Shemasi akanitazama, akatazama nyuma yangu, kisha akauliza, "Fundi mwenyewe anakuja saa ngapi?" Nera akaingia na ngazi begani, akasema, "Huyu ni kipimo." Akaniambia niketi kwenye sofa ya shemasi na nitazame mbele.

Nikaketi. Mgongo wima, mikono magotini, kama niko kwenye gwaride la shule na mwalimu wa zamu anapita.

"Akoth, umekuja kuomba kazi?" Nera akaniuliza. "Keti kama uko kwenu."

Basi nikaketi kama niko kwetu. Nikateleza mpaka kiuno kikafika ukingoni mwa kiti, miguu nikaiweka juu ya meza ndogo, karibu kabisa na Biblia. Shemasi alivuta pumzi kwa sauti. Nera hakunifukuza. Alinyoosha tepu kutoka sakafuni mpaka kwenye macho yangu, akamwonyesha shemasi: "Unaona? Amepungua karibu urefu wa kiganja. Hivi ndivyo watu hutazama TV. Ile ya kwanza ni ya kupiga picha ya pasipoti."

Hilo ndilo somo la kwanza na bado ndilo kubwa. Mtu yeyote akiona fundi mlangoni, mgongo wake huanza kusema uongo. Ukipima wakati huo, unatundika TV ya mtu ambaye hayupo. Ndiyo maana Nera hapimi kabla ya chai. Watu hudhani anapenda chai. Anapenda, sikatai, vikombe vitatu na mkate bila aibu. Lakini anangoja mwenye nyumba asahau kwamba kuna fundi, migongo iteremke, viatu vitoke. Hapo ndipo anasimama polepole na kupima macho yalipo. Katikati ya skrini ikae hapo, au juu yake kidogo sana. Kwa sofa nyingi za huku ni kama mita moja kutoka sakafuni, na ukimwambia mteja hivyo atakuambia ni chini mno. Wote husema hivyo. Wanataka iwe juu kama saa ya kanisani.

Umbali ni rahisi zaidi. Pima skrini kutoka pembe ya chini hadi pembe ya juu ya upande wa pili. Mtu akae mbali mara moja na nusu ya hiyo, au mara mbili, mara mbili na nusu ikizidi. Karibu zaidi, anaona vinukta na chunusi za watangazaji. Mbali zaidi, anauliza timu gani ina jezi nyekundu.

Vifaa ni vichache na vyote vina tabia. Pima maji ya Nera ina kiputo kivivu, ukiiweka ungoje kidogo iamue. Drili inatetemesha meno. Plagi za ukutani zisikose mfukoni, zile za plastiki ambazo skrubu huuma ndani yake. Na kabla ya kutoboa, gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukuta wa matofali hujibu mkavu. Ukuta wa udongo uliopakwa simiti juu hujibu kama mtu aliyeshiba. Hapo usiamini plagi hata kama mwenye nyumba anaapa. Tafuta mti ulio ndani ya ukuta na ufunge ubao kwanza, la sivyo TV itashuka yenyewe siku ya fainali, na siku ya fainali watu hawana huruma.

Kesi ngumu ya kwanza ilikuwa Isebania. Mama Boke ana hoteli ya chakula upande wa kuelekea mpakani. Madereva wa malori hula pale wakingoja karatasi zao zipigwe mihuri, na wabadilishaji pesa hula pale wakingoja madereva. TV yake ilikuwa pembeni kabisa karibu na mabati, ndani ya kizimba cha nondo kama imefungwa kwa wizi. Wateja walikuwa wanakula ugali huku wameinua videvu, mchuzi unapitia shingoni.

Mimi nilikuwa na likizo mbili kazini kwa hiyo nilijua kila kitu. Nikamwambia, "Mama, hii iko juu sana. Tutaishusha ikae sawa na macho ya mtu aliyeketi. Watu watatazama kwa raha."

Mama Boke akanitazama kama mtu anayetazama nyama iliyolala. "Kwa raha mpaka saa ngapi?"

"Mpaka watakapochoka."

"Hawachoki hao. Wewe msichana, mimi nina meza sita. Mtu akimaliza ugali wangu nataka shingo imuume atoke, mwingine akae. Nimewaita mnibadilishie kizimba, kimeshika kutu. TV iacheni hapo hapo."

Nera alicheka mpaka akashika ngazi. Tulifunga kizimba kipya, TV ikabaki mbinguni. Tulipokuwa tunatoka, dereva mmoja alikuwa anajikanda shingo huku akilipa, na Mama Boke alinikonyeza. Kwa hiyo andikeni: kabla ya kumwambia mteja urefu unaofaa, muulize TV inamfanyia kazi gani.

Homa Bay tulipata shida ya upande wa pili. Kijana mmoja, mwalimu mpya, alikuwa amepanga chumba kimoja juu ya duka la mbolea, na alikuwa amenunua inchi sitini na tano. Chumba chenyewe ukitandika kitanda huna pa kutandika mkeka. Tuliiingiza ile kartoni kwa kuiinamisha kama tunatoa kabati, na ilipokaa ukutani tukamwambia alale alivyozoea.

Akalala. Tukaiwasha. Akageuza kichwa huku na huku.

"Naona sikio," akasema.

"La nani?" Nera akauliza.

"Sijui. Sikio tu."

Nikampa ushauri wa kitaalamu, kwamba afungue mlango atazame akiwa kwenye ngazi za nje, kule umbali unatosha. Hakufurahi. Mwishowe tuligeuza kitanda, mto ukaenda upande wa mlango, TV ikahamia ukuta ulio mbali zaidi, na bado haikutosha. Nera akamwambia ukweli: auze hii achukue ndogo, au atafute nyumba kubwa. Mwalimu akasema atatafuta mke kwanza. Sikuelewa mke angeongeza vipi urefu wa chumba, lakini nilikuwa nimeshafundishwa kutojibu wateja wakubwa zaidi ya mara moja kwa siku.

Sasa Sindo.

Ilikuwa likizo hii iliyopita, Jumamosi asubuhi. Aliyetuita ni bwana mmoja anaitwa Odera, mtu wa Nairobi, tumbo la Nairobi, viatu visivyojua matope. Alikuwa amemletea mama yake TV ya inchi hamsini na tano. Mama yake ni Dana Dorsila; dana ni nyanya, na kila mtu pale humwita hivyo hata wasio wajukuu wake. Tangu nyonga ilipoanza kumsumbua, Dana hapandi tena mlima kwenda kanisani na hateremki ufuoni kununua omena za kuuza, wale dagaa wa ziwani. Watu ambao alikuwa anagombana nao kila siku kuhusu bei, sasa anawaona wakija kumpa pole tu. Odera alitueleza hayo nje, karibu na gari, na sauti yake ilishuka. "Anakaa ndani siku nzima. Nataka apate kitu cha kumchangamsha. Misa iko kwa TV, taarifa ziko, mpira uko."

Nikampenda kidogo. Halafu akaingia ndani akaharibu. Akanyoosha mkono juu ya ukuta unaotazamana na sofa, mahali ambapo mimi ningehitaji ngazi mbili. "Iwe pale. Mtu akiingia tu mlangoni, aione."

"Nani ataitazama?" Nera akauliza.

"Mama. Na wageni."

Nera akasema atapima akishakunywa chai. Dana akaketi kwenye sofa kubwa, mkoba mapajani kama anangoja kuitwa kwa daktari. Chai ikaja, na viazi vitamu. Tukanywa. Mgongo wa Dana haukuteremka. Tukaongeza kikombe. Mgongo ule ule. Nera akamwambia hadithi ya mwalimu na sikio, Dana akacheka mpaka machozi, lakini wima. Nera akakata tamaa, akapima macho yake hapo hapo, akaweka alama ya penseli chini sana ya pale Odera alipotaka, na ubishi ukaanza. Wakatoka nje wote wawili kutazama waya wa umeme utapitia wapi, wakiendelea kubishana.

Mimi nilibaki nikitazama sofa. Kuna kitu kilikuwa kinanikera. Vile vitambaa vya kushonwa kwa mkono vilikuwa vimenyooka kama vimepigwa pasi juu ya kiti. Kwenye mito miwili nailoni ya dukani ilikuwa bado. Nikapeleka vikombe jikoni, na niliporudi, Dana hakuwa kwenye sofa. Alikuwa kwenye kigoda kifupi kando ya mlango wa uani, mgongo ukutani, mguu mmoja umenyooka juu ya mkeka, anachambua maharagwe. Mgongo ulikuwa umeteremka vizuri kabisa.

"Dana, mbona umeshuka?"

"Wageni wametoka nje."

"Lakini sofa si ni yako?"

"Sofa ni ya wageni," akasema, bila kuinua macho kutoka kwa maharagwe. "Mimi ni mwenye nyumba."

"Kwa hiyo hukaa hapa kila siku?"

"Nikae wapi tena? Hapa napata upepo, naona kuku, na mguu unanyooka. Pale juu mguu unaning'inia kama wa mtoto."

Nikachuchumaa kando yake nikatazama ukuta wa Odera. Sikuona ukuta. Mwanga wa mlango wa mbele ulikuwa unaupiga kwa ubavu mpaka unang'aa kama sufuria. Hata ile alama ya Nera ya penseli ilikuwa ya bure, tulikuwa tumempima mgeni. Ukuta alioutazama Dana moja kwa moja ulikuwa mwingine, wa upande wa chumba cha kulala, ambao juu yake, karibu na dari, kulikuwa na picha ya marehemu mume wake, Jaduong', yaani mzee, amevaa suti na kofia, ameinamishwa mbele kidogo jinsi picha za wakubwa zinavyotundikwa huku kwetu. Chini ya picha hiyo ukuta ulikuwa mtupu. Matofali. Niligonga.

Nilitoka nikamwambia Nera. Tukarudi ndani kabla Dana hajainuka, na Nera akamwambia Odera. Odera akakataa hata kabla Nera hajamaliza.

"Chini pale? Kando ya chumba cha kulala? Watu wataingia hapa waseme tumeficha TV. Omera, ndugu yangu, mimi nimetoka nayo Nairobi. Ikikosa kukaa pale mbele, itarudi Nairobi."

Dana alichukua punje moja ya maharagwe, akaitazama, akaitupia kuku. Nikajua kwamba akinyamaza hivyo, TV itarudi kweli, naye atabaki na kuku.

Basi nikafanya jambo ambalo halimo katika mafunzo. "Uncle," nikamwambia Odera, "tusaidie kidogo. Dana apumzike kwenye sofa, wewe ukae hapa kwenye kigoda, mimi na Nera tuinue kartoni pale unapotaka, uone kama imenyooka. Jicho la mwenye mali haliongopi."

Sifa humlainisha mtu wa Nairobi. Akaketi. Kigoda kilitoweka chini yake. Magoti yakamfika kifuani. Sisi tukapanda, tukainua kartoni hadi juu.

"Imenyooka?" nikauliza.

"Sioni vizuri. Mwanga."

"Kaza macho. Nera, nimeangusha penseli, ngoja niitafute."

Nikaitafuta ile penseli kwa bidii sana. Nikaitafuta chini ya meza, nikaitafuta uani. Nilikuwa nimeishika mkononi. Nera, aliyekuwa ameachiwa kartoni peke yake, alinitazama kwa macho ambayo Brayo utayazoea. Odera alikunja mkono juu ya nyusi. Akageuza shingo. Akaishika shingo. Akajaribu kunyoosha mguu, akagonga beseni la maharagwe.

"Mama," akasema, "wewe hukaa hapa siku nzima?"

"Nikishaamka," Dana akajibu kutoka kwenye sofa, wima, mkoba mapajani.

"Tangu lini?"

"Tangu nyonga ianze. Wewe ukija huwa nakaa huku juu, kwa sababu umekuja."

Odera alikaa pale chini kwenye kigoda cha mama yake muda mrefu zaidi ya nilivyopanga, mpaka nikaacha kutafuta penseli. Alitazama mlango wa uani, kuku, mkeka. Kisha akatazama mbele yake, ule ukuta mwingine, na baba yake juu yake.

"Shusha hiyo kartoni," akamwambia Nera. "Iwekeni pale chini ya Baba."

Tukaanza kazi. Macho ya Dana kwenye kigoda ni chini sana ya mita moja, na TV ilikaa chini kiasi kwamba mgeni angeweza kuweka kikombe juu yake. Nera alitoboa, mimi nikashika pima maji na kukingoja kiputo. Tukaifunga, tukaiwasha. Dana akahamia kigoda chake, akanyoosha mguu, akaegemea. Kwaya ilikuwa inaimba mahali fulani. Shingo haikupanda wala kushuka. Odera alisimama nyuma yetu, mikono mfukoni, akitabasamu kama yeye ndiye aliyepima.

Lakini Dana hakuwa anatazama kwaya. Alikuwa anatazama juu.

"Hapana," akasema. "Huyu mmemkosea."

"Nani, Mama?"

"Baba yako. Mmempa TV chini ya miguu. Atakuwa anasikia sauti tu, haoni kitu. Na huyo mtu alivyokuwa akipenda taarifa ya habari!"

Odera akamtazama Nera. Nera akanitazama mimi. Picha ya mkubwa haiguswi ovyo, hilo mnalijua wenyewe, na Odera alifungua mdomo kulisema. "Mama, watu wa ukoo wakija wakakuta Baba amehamishwa..."

"Watamkuta anatazama TV. Mtoe hapo. Mlete huku, juu ya kichwa changu."

Odera alipanda ngazi mwenyewe, na viatu vile vile. Alimshusha Jaduong' kwa mikono miwili, akapangusa kioo kwa mkono wa shati, akavuka chumba akiwa amemkumbatia. Mimi nilikuwa nimeshachukua nyundo na msumari, nikainua mkono karibu na dari kama desturi ilivyo.

"Wewe msichana," Dana akasema. "Mbona mimi mmenipima na yeye hamumpimi?"

Nilidhani Nera atacheka. Nera hucheka mazishini. Aliweka drili chini, akachukua tepu, akamwambia Odera ashushe picha, ashushe tena, hapo. Akaegesha mwanzo wa tepu kwenye kioo, chini tu ya ukingo wa kofia, mahali penye macho, akanipa ncha nyingine niipeleke mpaka kwenye skrini. Nikaenda nayo polepole nikipita juu ya kichwa cha Dana.

"Mita tatu," nikasema.

"Inatosha," Nera akamwambia yule mzee wa kwenye picha. "Hapo utaona vizuri."